Panga za Wapanda Farasi wa Ulaya Katika Nchi ya Kilimanjaro

Mwalimu wa nchi ya Moshi akiletewa upanga wa zamani aueleze, uwe umetoka katika mtaa wa Soweto mjini au katika nyumba iliyo kati ya migomba huko Marangu au Machame, yamkini neno la kwanza atakaloambiwa ni kwamba huu ni upanga wa Mdachi. Akiuliza zaidi ataambiwa kuwa Mdachi huyo alikuwa mpanda farasi, na kwamba upanga wake uliokotwa vitani. Pengine habari hiyo ni kweli. Lakini chuma nacho kina maneno yake, na mara nyingine husema kinyume cha mwenyewe. Upanga wenye herufi za mfalme wa Uingereza haukufuliwa kwa ajili ya Mdachi. Upanga mwembamba uliotiwa nakshi ya dhahabu haukufanywa kwa kukatia watu. Na mpanda farasi aliyepita Moshi katika Vita Kuu ya kwanza huenda hakuwa na upanga kabisa.

Walimu na mapadre wakaao vijijini ndio ambao watu huwaendea na vitu vya namna hii, ama kuuliza thamani yake, ama kuomba vitunzwe. Kwa ajili yao nimeona yafaa kuandika habari za panga hizi: zilivyokuwa kwao Ulaya, jinsi zilivyofika Afrika ya Mashariki, na jinsi ya kuzisoma. Nami nitasema mapema neno ninalotaka kulionyesha. Upanga wa mpanda farasi ulipofika Kilimanjaro, karibu kila mara ulifika bila farasi wake. Ulikuja kama jina, kama zawadi, kama pambo la cheo, na kama chuma cha kufulia kitu kingine. Kuja kwake kama silaha ndiko kulikokuwa haba kuliko kote. Mtu akusanyaye panga hizi bila kujua hayo hujaza chumba chake vyuma, asipate habari.

Tuanze na kwao. Upanga wa mpanda farasi hutofautiana na wa mtu wa miguu kwa kuwa mkono uushikao unakwenda mbio pamoja na mnyama, na adui aliye chini yuko mbali na bega. Kwa hiyo huwa mrefu na mzito, na vidole vya mwenyewe hukingwa kwa vyuma vilivyopindwa kama kikombe au kama matawi matatu. Wakuu wa vita wa Ulaya walishindana zaidi ya miaka 100 juu ya swali moja: je, mpanda farasi akate au achome? Waliosema akate walipenda upanga uliopinda. Mfano wake mashuhuri ni ule wa Kiingereza wa mwaka 1796, uliofanyiwa askari wa farasi wepesi kwa shauri la afisa mmoja, John Gaspard Le Marchant. Chuma chake hupanuka kinapokaribia ncha, hata pigo likawa kama la shoka. Waprusia waliuona wakaupenda, wakafanya wao mfano wake mwaka 1811. Waliosema achome walipenda upanga ulionyoka, kama ule wa Kifaransa wa zamani za Napoleon, wenye urefu wa sentimita 97 hivi bila mpini. Ubishi huo uliendelea hata mwaka 1908, Waingereza walipotoa upanga mwembamba ulionyoka, usiofaa kukata, bali kuchoma tu kama mkuki. Wajuzi wengi wanausifu kuwa bora kuliko zote zilizoutangulia. Nao ulitoka wakati ambapo bunduki za bombomu zilikuwa zimekwisha kumfanya mpanda farasi kuwa shabaha kubwa na rahisi. Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa ufundi wa binadamu: hutimia siku haja yake inapokwisha.

Miji iliyofua panga hizi haikuwa mingi. Kwa Wadachi ulikuwako Solingen, ulio karibu na mto Wupper, uliouza vyuma vyake kila upande wa dunia. Kwa Waingereza Birmingham na London. Kwa Wafaransa Klingenthal, na baadaye Châtellerault. Mafundi wa Solingen walichora juu ya chuma chao alama ya mbwa-mwitu akimbiaye, waliyoitwaa kwa mafundi wa Passau. Nayo alama hiyo ikaigwa na wengine wengi, hata haitoshi peke yake kuwa ushahidi. Wafaransa walikuwa na desturi njema kuliko wote kwa mtu atafutaye habari: katika mgongo wa upanga waliandika jina la kiwanda, mwezi na mwaka. Wadachi waliandika mgongoni taji, herufi ya mfalme na tarakimu mbili za mwaka. Waingereza walipiga mshale mdogo, na baadaye herufi WD pamoja na mshale huo, kuonyesha kuwa ni mali ya serikali. Panga za maafisa wa Kiingereza zilizotoka kwa Wilkinson wa London zina nambari mgongoni tangu mwaka 1854, na daftari la nambari hizo limehifadhiwa, hata upanga ulio Machame leo waweza kurudishiwa mwaka wake.

Juu ya panga za maafisa wa Kiingereza huonekana pia nyota ya pembe sita karibu na mpini, na kati yake kipande cha shaba. Mtu wa pwani akiiona hudhani ni muhuri wa Suleiman uliowekwa kumkinga mwenyewe. Sivyo, ni alama ya mafundi kuonyesha kuwa chuma kimejaribiwa kikastahimili.

Sasa tuje pwani, kwa maana panga za Ulaya zilifika huko zamani kabla Wazungu hawajaja kutawala, na lugha yetu imeweka ushahidi. Makamusi ya zamani ya Kiswahili, na kitabu cha lugha cha Askofu Steere kilichotoka kwanza mwaka 1870, yanatupa majina ya panga ambayo vijana wa leo hawayajui. Kuna upanga wa imani, ulio mfupi wenye mpini wa msalaba. Kuna kitara, ulio wa kupinda. Tena kuna upanga wa felegi, ulio mrefu, ulionyoka, wenye makali kuwili, nao ndio walioushika Waarabu wa Omani. Neno hili felegi limenishughulisha sana. Bara Hindi kuna upanga uitwao firangi, na sababu ya jina hilo yajulikana: chuma chake kililetwa na Wareno na Wazungu wengine, na Waarabu na Waajemi huwaita Wazungu Ifranji au Firangi, yaani Wafranki. Kwa maoni yangu felegi ni neno lilo hilo katika kinywa cha Mswahili, ambaye hubadili r na l bila taabu, wala haoni shida kulainisha mwisho wa neno geni. Mambo yenyewe yanaafikiana na sauti, kwani panga nyingi za Omani zenye umbo hilo, zikivuliwa mpini wao wa ngozi na fedha, huonekana kuwa na chuma kilichofuliwa Udachi. Ikiwa ndivyo, basi mtu wa Pangani au Unguja alikuwa akisema upanga wa Kizungu miaka mingi bila kumfikiri Mzungu.

Neno kitara nalo lina kichekesho chake. Kwa Mswahili ni upanga uliopinda. Lakini wakusanyaji wa Ulaya katika vitabu vyao huandika kattara kwa upanga ule ulionyoka wa Omani, yaani felegi wetu. Msomaji anayesoma vitabu vya namna mbili na aangalie asije akachanganya.

Haikuwa pwani yetu tu. Huko Sudani upanga uitwao kaskara mara nyingi ulitiwa chuma cha Solingen, na mafundi wa Sudani wakaiga hata alama zake. Hata mwaka 1898, wapanda farasi wa Kiingereza walipowashambulia watu wa Khalifa huko Omdurman, yamkini vyuma vya mji mmoja vilikutana kutoka pande zote mbili. Huko Uhabeshi wakuu walivaa upanga uliopinda uitwao gurade, wenye chuma cha wapanda farasi wa Ulaya na mpini wa pembe wa kienyeji. Mfalme Menelik II aliagiza vyuma hivyo kutoka Ulaya navyo vikachorwa simba wa Yuda. Lakini Uhabeshi ni nchi ya farasi. Upanga ule ulipofika huko ulimkuta farasi akiungoja, jambo ambalo halikuwapo Kilimanjaro.

Yafaa hapa kumtaja mtu mmoja aliyeunganisha mambo haya katika maisha yake. Richard Burton, aliyetoka pwani yetu pamoja na Speke mwaka 1857 hata wakafika Ujiji, alikuwa bingwa wa upanga tangu ujana wake. Mwaka 1855 aliposhambuliwa usiku huko Berbera alijitetea kwa upanga wa kupinda, akachomwa mkuki uliopita mashavuni. Mwaka 1884 alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya upanga katika mataifa yote, akiwa ameazimia vitabu vitatu. Ni kimoja tu kilichotoka. Ndiye aliyewafundisha Waingereza wengi kuutazama upanga kama kitu cha elimu.

Tupande sasa mlimani. Watu wa Kilimanjaro hawakuwa maskini wa chuma wala wa ufundi. Mafundi wa Mamba walisifika kuliko wote, na wasafiri wa kwanza waliwataja kwa mshangao, walipowaona wakifua kwa nyundo ndogo na mivukuto ya ngozi mikuki iliyong'aa kama kazi ya kiwanda. Chuma kilitoka kwanza Ugweno katika nchi ya Upare, na baadaye misafara ya pwani ikaleta nyaya nene, ambazo fundi aliziunganisha motoni. Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi ya Kale miaka mingi hata 1938, aliandika mwaka 1912 juu ya fundi wa chuma katika mawazo ya Wachaga, jinsi alivyoheshimiwa na kuogopwa pamoja, hata nyundo yake ikawa kitu cha kulaania. Silaha kuu ya mlima ilikuwa mkuki. Upanga ulikuwako, nao ulikuwa wa namna ya Kimasai, ule uitwao olalem, na Waswahili huuita sime: mfupi, mwembamba penye mpini na mpana kuelekea ncha, usio na kinga ya vidole, umelala katika ala ya ngozi nyekundu upande wa kulia. Ni upanga wa mtu aendaye kwa miguu, anayepita kwenye vichaka na kati ya migomba. Upanga wa mita nzima ungemnasa mwenyewe.

Farasi naye hakuwezekana. Mbung'o wa nyika na ugonjwa wa farasi uletwao na vijidudu virukavyo usiku vilimwua kabla hajazoea nchi. Wadachi waliliona hilo, na mmoja wao, Fritz Bronsart von Schellendorff, alikamata punda milia wa nyika karibu na Kilimanjaro akijaribu kuwafuga na kuwazoeza kazi, kwa kuwa punda milia hustahimili maradhi ya nchi yake. Jaribio hilo halikuendelea. Punda milia ana nguvu, ila moyo wa kutii hana.

Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za mlima, Johannes Rebmann, alipofika mwaka 1848 katika nchi ya Kilema, na baadaye Machame, hakuwa na upanga wala bunduki mkononi, alichukua mwavuli. Nataja jambo hili si kwa kumsifu tu. Waliomfuata walikuja kila mmoja na vyuma vyake, na wamangi wakajifunza upesi kupima cheo cha mgeni kwa vitu alivyovaa na alivyotoa. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye pwani walimwita Mandara, aliielewa elimu hii kuliko wengine. Alipokea wageni wa Sultani wa Unguja, akapokea Waingereza, akapokea Wadachi, na kwa kila mmoja alitazama kitakachotoka mzigoni. Mwaka 1889 wajumbe wake walichukuliwa na Otto Ehlers hata Berlin, wakasimama mbele ya Kaisari Wilhelm II, na zawadi za Kaisari zikapelekwa Moshi. Mavazi ya fahari na vyombo vya Ulaya vikawa katika nyumba ya mangi wa migombani. Navyo havikuwa vya kutumiwa, bali vya kuonwa.

Mwaka 1891, mwaka ule ule aliokufa Rindi, alikuja mwanamke wa Kimarekani, May French-Sheldon, akiongoza msafara wake mwenyewe. Alifika Taveta, akazunguka Ziwa Chala, akawazuru wamangi wa mlimani. Alipokwenda kwa mkuu yeyote alivaa gauni la karamu lililometameta, nywele za bandia za rangi ya dhahabu, na kiunoni akafunga upanga wa heshima. Wako waliomcheka katika magazeti ya Ulaya. Mimi naona alifahamu kazi ya upanga wa Ulaya mlimani kuliko maafisa wengi: ulikuwa neno la kusema cheo mahali ambapo lugha haikutosha.

Walipokuja askari wa Wadachi, vita vya mlimani havikuamuliwa kwa panga. Luteni von Bülow aliuawa mwezi wa Juni 1892 katika kupigana na Meli, mwana wa Rindi. Mwaka uliofuata Gavana von Schele akarudi na jeshi kubwa, na Moshi ikashindwa kwa mizinga na bunduki. Maafisa wa Kidachi walivaa upanga, lakini aghalabu ulikuwa upanga wa maafisa wa miguu, wenye tai katika kinga ya mkono na herufi W ya Wilhelm katika mpini. Upanga wa wapanda farasi wa mwaka 1889 una tai pia, hata watu huchanganya. Wa farasi ni mzito zaidi, na kinga yake imefunika kiganja kizima.

Katika Vita Kuu ya kwanza farasi walionekana Kilimanjaro kwa wingi ambao haukuwako kabla wala baada. Na hapa ndipo hadithi za upanga uliookotwa vitani zinapotia shaka. Huko Nairobi, Agosti 1914, walowezi walijiunga katika jeshi la wapanda farasi lililoitwa East African Mounted Rifles, kila mtu na mnyama wake. Kikundi kimoja katika hao kilitaka kuwa na mikuki kama wapanda farasi wa Ulaya, na kwa kuwa mikuki haikuwapo wakafanyiwa ya mianzi. Walipokwenda kupigana Longido tarehe 3 Novemba 1914 walishuka wakapigana kwa bunduki. Baadaye kilikuja kikosi kimoja cha 17th Cavalry kutoka Bara Hindi, nao wapanda farasi wa Kihindi walikuwa wameshika desturi ya upanga na mkuki kweli. Lakini walikuwa wachache.

Mwezi wa Machi 1916 Jenerali Smuts aliingia kutoka upande wa Taveta, na wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer wakazunguka kwa njia ya Chala, wakafika Moshi katikati ya mwezi. Mwenyeji wa Soweto ya Moshi ataona jambo la kufurahisha: jina la mtaa wake ni la Afrika Kusini, la ule mji wa watu weusi wa Johannesburg uliopewa jina hilo mwaka 1963, na jeshi kubwa kuliko yote la farasi lililopata kukanyaga nchi yake lilitoka huko huko, ingawa mambo hayo mawili hayahusiani. Basi wapanda farasi hao, maelfu kwa hesabu, hawakuwa na panga. Makaburu walikuwa na desturi yao wenyewe ya vita: farasi ni wa kumfikisha mtu mahali, kisha hushuka akapiga bunduki. Walipoendelea hata Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, farasi wao walikuwa wakifa njiani kwa mvua na mbung'o, na kabla mwaka haujaisha maelfu kwa maelfu walikuwa mifupa. Kwa hiyo mtu akisema babu yake aliokota kitu cha Kaburu mpanda farasi, tutafute lijamu, kikuku au hatamu. Upanga utakuwa umetoka mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Zaidi ni katika sanduku za maafisa wa serikali. Waingereza walikaa Tanganyika hata 1961, na maafisa wa King's African Rifles, pamoja na watu wa serikali wenye mavazi rasmi, walikuwa na panga za sherehe. Ule wa maafisa wa miguu wa mwaka 1897, ulionyoka, wenye kinga iliyotobolewa kwa nakshi, ndio ambao watu huudhania kuwa wa wapanda farasi kwa sababu ya urefu wake. Mtazamaji na asome herufi: Victoria ni VR, Edward wa saba aliyetawala 1901 hata 1910 ana VII katikati ya herufi zake, na George wa tano, 1910 hata 1936, ana V. Herufi hizo huwapo juu ya chuma na juu ya kinga, nazo humaliza ubishi kwa nukta moja. Desturi yenyewe haikufa uhuru ulipokuja. Afisa wa jeshi letu aongozaye gwaride siku ya taifa hushika upanga wa umbo la Ulaya mbele ya uso wake kutoa salamu, na mmoja katika wachongaji wa zamani wa Solingen angeuona asingeshangaa.

Njia ya mwisho ya upanga huu ndiyo inayonigusa zaidi, maana humfikisha mikononi mwa fundi wa kwetu. Chuma cha upanga wa farasi ni cha pua njema, chenye kurudi kikipindwa. Fundi akiupata uliovunjika haoni sababu ya kuutupa. Huukata, akautia motoni, akatoa sime, au kisu cha kuchinjia, au panga fupi la shamba. Siku hizi mafundi hutumia tupa zilizochakaa na springi za magari kwa kazi iyo hiyo. Sime iliyotoka katika upanga wa Ulaya yaweza kutambulikana. Tazama mfuo, yaani ule mfereji upitao katikati ya bapa: katika kazi ya fundi wa kwetu huanza na kukoma kwa kusudi, bali katika upanga uliokatwa hukatizwa ghafula ukingoni. Tazama mgongo, pengine nusu ya neno imesalia. Tena uulize msuka, ule ulimi wa chuma uingiao mpinini, kama umefuliwa upya. Kitu cha namna hiyo, ambacho mnunuzi wa Ulaya hukitupa kwa kuwa kimeharibiwa, kwangu ni bora kuliko upanga mzima, kwa kuwa kina mikono miwili ndani yake.

Hapa yafaa neno la lugha. Upanga ukitolewa u ya mwanzo huwa panga, lile kubwa, na wingi wake mapanga. Nalo ndilo jina la chombo cha kila mkulima. Mji wa Birmingham, uliofua panga za wapanda farasi, ndio ulioleta pia mapanga ya shamba yenye alama ya mamba, kazi ya kiwanda cha Ralph Martindale. Sokoni kwetu mamba huyo alijulikana kuliko mbwa-mwitu wa Solingen. Mtoto asije akadanganyika kwamba kila chuma chenye jina la Kiingereza ni cha kale.

Sasa, mtu akiletewa upanga afanye nini? Kwanza asiusugue. Msasa na mchanga hung'arisha chuma kwa saa moja na kufuta alama ambazo zilikaa miaka 150. Kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine chatosha, na ngozi ya ala isiguswe kwa maji. Pili asiutenge upanga na ala yake, wala asibadili mpini kwa kuwa umechakaa. Tatu, asikubali upesi kuuza kwa mgeni apitaye. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuruhusu vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, na Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, yana watu wa kuulizwa. Lakini juu ya haya yote ni kuandika. Wazungu walikusanya mikuki na ngao za mlima huu kwa mamia, nazo zimo katika nyumba za makumbusho za Berlin, Leipzig na Stuttgart. Nyingi zina maneno mawili matatu tu katika daftari, jina la afisa na jina la nchi, wala hapana jina la mtu aliyenyang'anywa.

Jinsi maneno machache yanavyoweza kuwa na uzito, tumeona katika jambo zito kuliko panga. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli na wakuu wengine walinyongwa Moshi ya Kale, na mafuvu ya watu wa nchi hii yakachukuliwa Udachi kama vitu vya kukusanywa. Miaka zaidi ya 120 ikapita. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kuwa baadhi ya mafuvu yale yamelinganishwa kwa vinasaba (DNA) na jamaa walio hai katika nchi ya Kilimanjaro, yakaafikiana. Mojawapo lilikuwa limeandikwa neno moja juu yake, Akida, na neno hilo ndilo lililoonyesha njia ya kwenda kwa ukoo. Fuvu la Meli halikuwamo katika yaliyotambuliwa mwaka ule.

Basi mwalimu achukue karatasi. Aandike jina la aliyeuleta upanga na kijiji chake, kama yuko radhi; aliupata kwa nani, na huyo kwa nani; maneno ya mzee mwenyewe kama alivyoyasema, hata kama chuma kinayakanusha, kwa kuwa hadithi ya upanga wa Mdachi nayo ni habari ya jinsi watu walivyowakumbuka Wadachi. Aandike urefu kwa sentimita, anakili kila herufi na kila alama kama ilivyo, bila kuitengeneza. Aulize majina ya sehemu zake kwa Kichaga cha mahali pale, maana la Rombo si la Machame: ncha, makali, mgongo, mfuo, noleo, mpini, ala. Karatasi hiyo aifunge kwa uzi katika ala, asiigandishe juu ya chuma, kwa sababu gundi huleta kutu. Na nakala ya pili aiweke katika daftari la shule.